Mwaka wa Macho ya Muyinga

Simu ilitoka Uvira, upande wa Kongo, Jumanne asubuhi, nikiwa nachagua mchele uani kwangu, mtaa wa Yoba, mjini Gitega. Mwanamke ambaye sauti yake sikuitambua alijitambulisha kuwa binti wa Papa Byamungu, akanipa habari kwamba baba yake amefariki, wameshamzika, na kwamba katika simu ya marehemu wamekuta jina langu limeandikwa “Zaina Macho”. “Papa alikuwa anasemaka sana juu ya mwaka ya macho,” aliniambia. “Siye tulikuwa watoto, hatukuwa tunaelewa. Ilikuwa nini?” Nilimpa pole, nikamwahidi nitamweleza, kisha nikarudi kwenye ungo wangu na machozi yakadondokea mchele. Huyo ndiye mtu aliyenifundisha kazi, na zaidi ya kazi alinifundisha kuuliza swali moja zaidi pale ninapodhani nimeshapata jibu. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika shule ya maabara nitaziruka. Zinafanana na za nyumba nyingi za Kiislamu za mji huu, za mafundi cherehani na wauza vitambaa, na anayezitaka atazipata kwa jirani yeyote. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu.

Ulikuwa mwaka wa vikwazo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, petroli iliuzwa kwa chupa za bia kandokando ya barabara, na vita vilikuwa vimeshika milima kiasi kwamba mtu aliyesafiri kwenda wilaya ya pili aliaga nyumba nzima kabla ya kutoka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, diploma mpya, na kiburi cha kutosha watu wawili. Nilipangiwa maabara ya hospitali moja hapa Gitega. Kilikuwa chumba kirefu na chembamba, chenye madirisha mawili yaliyotazama ua wa nyuma, na katika ua huo aliishi kondoo dume mnene ambaye kazi yake ilikuwa kutoa damu. Damu hiyo tuliichanganya na jeli ya moto, tukaimimina katika sahani ndogo za kioo, na ilipoganda vijidudu vilikuwa na chakula. Idd ilipokaribia, majirani waliniuliza kama kondoo wa hospitali atachinjwa, nami niliwajibu kwamba huyo ni mfanyakazi wa serikali.

Papa Byamungu alikuwa na miezi michache tu pale. Alikuwa laborantini, fundi wa maabara, Uvira kwa miaka zaidi ya ishirini, na vita vilipoingia huko alivuka mpaka na mke, watoto, na begi lenye waya wa kuchotea vijidudu, rula ya chuma na lenzi. Nguo alizinunua baadaye. Umeme wetu ulikuja na kuondoka utakavyo, basi akatengeneza kabati la joto la kuoteshea vijidudu kwa sanduku la mbao: pembeni alishindilia maganda ya kahawa, ndani akapanga chupa za maji ya moto, na kila baada ya saa tatu mmoja wetu alizibadilisha. Vidonge vya karatasi vya kupimia dawa vilipokwisha na Bujumbura ikatujibu hakuna, alichukua karatasi ya kuchujia, akaitoboa kwa mashine ya ofisini ya kutobolea mafaili, akavikusanya vile vijiduara na kuvilowesha kila kundi katika dawa yake. Nilikuwa nimefundishwa shuleni kwamba vitu hivyo hutoka Ulaya ndani ya mikebe yenye muhuri. Nilimtazama akitoboa, nikajisemea moyoni kwamba huyu mzee ni tapeli.

Wiki ile ile alinivua ujinga. Aliniwekea sahani mbili mbele ya dirisha, zote zina matone madogo ya rangi ya dhahabu, zote zimetoka kwenye macho yanayotoa usaha.

“Hizi mbili iko nini?” aliuliza.

“Stafilokoki,” nikajibu haraka. “Ile ya dhahabu.”

“Iko kitu moja?”

“Ndiyo, Papa.”

“Bon. We unaitwa Zaina. Hapa Yoba muko Zaina ngapi?”

Nikahesabu. Tulikuwa sita, pamoja na yule bibi muuza mkaa.

“Ule bibi akiiba kuku, tukufunge weye?”

Akaniwekea sahani nyingine mbili, za vijidudu vile vile, safari hii zikiwa na vile vijiduara vya karatasi juu yake. Pale dawa ilipofanya kazi palikuwa na pete tupu kuzunguka karatasi. Pale iliposhindwa, vijidudu vilikuwa vimeota mpaka ukingoni. Tulipima kila pete kwa rula na kuandika S kwa dawa ambayo kijidudu kinaisikia, R kwa dawa ambayo kinaikataa. Penisilini, tetrasiklini, kloramfenikoli, streptomisini, gentamisini. Sahani ya kwanza ilitoa R S S S S. Ya pili ilitoa R R R S S. Jina moja, tabia mbili, na mgonjwa wa pili alikuwa amepakwa mafuta ya tetrasiklini wiki tatu bure. “Hii mustari ya herufi njo karangamuntu yake,” alisema, na karangamuntu kwetu ni kile kitambulisho ambacho askari walituomba kila kizuizini, kitu ambacho yeye mwenyewe, mkimbizi, hakuwa nacho. “Jina inakwambia ni nani. Karangamuntu inakwambia ametoka wapi, na utamufukuza na nini.” Tangu siku ile sikuweza kutazama jicho jekundu la mtu bila kujiuliza herufi zake. Ni ugonjwa ambao sijapona.

Tulikuwa tunakula mchana katika chumba kidogo cha kuoshea vioo, jambo ambalo leo ningemfukuza mtu kazi kwa ajili yake. Maharage na ndizi vilivyopikwa chungu kimoja, yeye akiongeza ndagala zake kavu kutoka ndani ya kikaratasi, huku akinihakikishia kwamba maharage bila samaki ni adhabu. Nje ya dirisha wauguzi walizungumza bila kujua kwamba tunawasikia. Barabara ya Karuzi imefunguliwa. Hapana, jana kuna lori limerudishwa. Kuna watu wametembea kutoka Bugendana tangu alfajiri na mtoto mgongoni, macho yameshikana kwa usaha, na hapa hakuna hata tone la dawa. Papa Byamungu aliacha kutafuna wakati wa maneno kama hayo. Halafu alisema, kana kwamba anaongea na sahani ya maharage, “Tukijua herufi mbele, hatungepoteza dawa.” Sasa hivi maabara ile ina mashine inayosoma herufi hizo yenyewe, na vijana wanaoitumia ni wazuri, wana haraka. Lakini naona hawaachi kutafuna.

Kiangazi kilipoanza, Muyinga ilituma ujumbe. Nesi wa kituo cha afya cha mjini, jina lake Gaspard, aliandika kwamba macho mekundu yamezidi, mjini na hata kule Buhinyuza karibu na mpaka, na matone ya kloramfenikoli hayasaidii tena. Aliomba mtu wa kuchukua vipimo. Papa Byamungu hakuwa na ile karangamuntu ya kupitia vizuizini, hivyo nikaenda mimi, juu ya gunia la mchele katika lori la misaada, na kikapu cha vijiti vya pamba na vichupa vyenye ute wa mkaa, ambamo vijidudu hukaa hai siku mbili tatu bila kuongezeka. Mipango ilikuwa rahisi: nachukua usaha, natuma vichupa kwa dereva wa lori, naye anarudi na barua ya majibu. Nilidhani nitakaa wiki mbili. Nikakaa miezi mitatu.

Nilifikia kwa Mama Sakina, mshona kofia, mjane wa makamo ambaye binti yake alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na baraza pana, na baraza hilo lilijaa wanawake wa mtaa kuanzia asubuhi, kila mmoja na kofia yake mapajani, tundu kwa tundu, uzi kwa uzi. Mama Sakina alikuwa na jicho moja. La pili lilipofuka kwa surua akiwa mtoto, na alilisema hilo bila kulalamika, kama mtu anavyosema ana kidole kilichopinda. Kwa jicho lile moja alishona nakshi ndogo kuliko wote, tena haraka kuliko wote, huku akiwatania. Aliponiona na vijiti vyangu alicheka. “We sha, umekuja toka Gitega kuokota matongo?” Lakini alinitandikia kitanda chake yeye akalala mkekani, na kila asubuhi nilikuta uji wa ulezi wenye tangawizi umefunikwa. Nilimpenda upesi, na siku hizi najua kwamba kumpenda mtu upesi ni njia moja ya kutomchunguza.

Kituo hakikuwa na dawa. Gaspard, aliyekulia ukimbizini Tanzania na kuongea Kiswahili cha redioni, alinionyesha kabati: mafuta ya tetrasiklini machache, na vichupa kadhaa vya sindano za gentamisini alivyowawekea waliojeruhiwa. “Dada Zaina, hatuwezi kukaa tu tukiwatazama,” aliniambia. “Wafundishe angalau usafi.” Hapo ndipo nilipopata wazo, na nililipenda wazo langu. Maji yachemshwe na kijiko cha chumvi, yapoe, na kila mwenye jicho jekundu aoshwe asubuhi na jioni. Tatizo lilikuwa chombo cha kumiminia. Vikombe vilikuwa vinashikwashikwa na watoto, sufuria ilimwaga ovyo. Mama Sakina akanitolea birika lake la udhu, la plastiki ya bluu, lenye mdomo mrefu mwembamba. Hakuna chombo kilichoheshimiwa zaidi katika nyumba ile. Halikuwekwa chini kwenye uchafu, halikutiwa kitu kingine isipokuwa maji safi, hakuna mkono uliogusa mdomo wake. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni kwamba hilo ndilo birika safi kuliko vyote, na katika kichwa changu chenye diploma sikuuliza swali la ziada.

Kila asubuhi wanawake walipanga foleni barazani, wakainamisha kichwa upande, nami nikamimina. Wengi walipona. Nasema hivyo kwa haki, maana macho mekundu mengi hupona yenyewe yakioshwa, lakini wakati ule sifa zote nilizichukua mimi. Waliniita Mwalimu wa Macho. Watoto walinifuata njiani. Nilimwandikia Papa Byamungu barua ya kurasa tatu, na kurasa mbili zilikuwa juu yangu.

Kisha wakaja wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine ndani ya siku kumi, wote washona kofia wa baraza lile. Macho yao hayakuwa mekundu ya kawaida. Yaliuma kiasi cha kumtoa mtu machozi kwa mwanga wa mlango tu, usaha ulikuwa na ukijani, na juu ya kioo cha jicho palikuwa na doa jeupe linalokua kutoka asubuhi hadi jioni. Nilichukua vipimo, nikavituma pamoja na vile vya Buhinyuza. Barua ya Papa Byamungu naikumbuka karibu yote. Vya Buhinyuza, aliandika, ni mchanganyiko: stafilokoki za karangamuntu mbalimbali, na nimokoki, kila mtu na chake. Lakini watatu wa mjini wana kitu kimoja, kile kijidudu cha majimaji tulichokiita kwa Kifaransa piosianiki. Kwa kawaida huwa cha kijani. Hiki ni cha kijani chenye ukingo wa kahawia, jambo ambalo amelikuta mara mbili tu maishani, na herufi zake katika sahani zote tatu ni zilezile, R R R R S. Gentamisini peke yake. “Wamama watatu hawawezi kuokota kitu moja ya namna hii ku njia tatu,” aliandika. “Iko kitu wanagawana. Tafuta ile kitu. Anza na wanja.”

Niliudhika. Ilikuwa rahisi kwa Mkristo wa Uvira kushuku wanja, nikawaza, kila kibaya cha wanawake wa Kiislamu lazima kitoke kwenye wanja. Hata hivyo nilifanya kazi, na nakiri niliifanya kwa hamu. Nilipitisha pamba kwenye vidau vya wanja na vijiti vyake, kwenye kanga za kujifutia, mito, nyuzi, vidole vya washonaji, hata kwenye mdomo wa kikombe cha Mama Sakina wakati anakunywa. “Utanipima na moyo,” alisema. Gaspard alitumia sindano zake zote za gentamisini kama matone kwa wale watatu. Wawili walipona, mmoja alibakiwa na kovu. Majibu yalikuja: wanja hauna kitu, hata kimoja, na Papa Byamungu aliongeza mstari wa kuniomba radhi. Mito ina stafilokoki za kawaida. Kile cha kijani hakipo popote. Nilitembea nyumba ile nikitazama kila kitu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Na asubuhi, nikiwa na wasiwasi, niliwaongezea wanawake maji. Niliwaambia waoshe mara tatu badala ya mbili.

Siku moja Mama Sakina alijikwaruza jicho kwa ncha ya uzi uliotiwa nta. Kitu kidogo, alicheka mwenyewe. Nikamwosha. Jioni nikamwosha tena. Asubuhi ya pili sikukuta uji umefunikwa. Alikuwa ameketi kitandani na kanga usoni, na nilipoiondoa niliona lile doa. Lilikuwa dogo, mfano wa punje ya ulezi, katikati kabisa ya jicho lake pekee.

“Zaina,” alisema. “Niambie kweli. Mi niko nakwenda kuwa kipofu?”

Nilimwambia hapana. Sikuwa na haki ya kumwambia hivyo. Nilikimbia kwa Gaspard, naye akafungua kabati lake tupu mbele yangu. “Mpeleke Gitega leo,” alisema. “Kesho litakuwa limetoboka.” Lori la misaada lilikuwa linarudi mchana ule. Nilifunga nguo zake, na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na yenye vumbi, nikachukua birika ili nimwoshe njiani. Nilimwosha mara mbili. Naliandika hilo bila kulipunguza, ingawa imepita miaka mingi na nimeshasamehewa na wote waliokuwa na haki ya kunisamehe.

Tulifika jua likiwa bado juu. Papa Byamungu alimwinamisha Mama Sakina kwenye dirisha, akamtazama kwa lenzi muda mfupi tu. Nilitaka kuandaa sahani tungoje majibu, siku mbili kama desturi. Akanikatiza. “Tungoje nini? Karangamuntu tunayo. Wale watatu wameshatuambia: gentamisini, hakuna ingine.” Hospitali haikuwa nayo, lakini kulikuwa na Mkongo mwenzake sokoni, mfanyabiashara wa Bukavu aliyeuza betri na sabuni na, kwa wanaomjua, dawa. Papa Byamungu alirudi na vichupa sita ndani ya soksi. Tuliivunja dawa ya sindano, tukaitengeneza kuwa matone makali, na daktari akaamuru tone moja kila saa bila kuruka. Kwa ule mstari wa herufi tano tulikuwa tumeokoa siku mbili. Jicho lile halikuwa na siku mbili.

Ndipo alipoliona birika, nilipoliweka juu ya meza ya maabara pamoja na kikapu changu.

“Na hii?”

“Ni la udhu, Papa. Ndilo ninalowaoshea. Hilo ni safi.”

“Ulilipima?”

“Nimekwambia ni safi. Maji yanachemshwa.”

“Maji inachemshwa,” alisema taratibu. “Birika nayo inachemshwa?”

Plastiki haichemshwi. Akachukua kijiti chembamba, akaliomba radhi birika kwa kichwa, kweli alikiinamisha, maana alijua ni kitu cha ibada ya watu, akakisukuma ndani ya mdomo wake mpaka mwisho. Kilitoka na utelezi, nikakipanda sahani yake yenye vijiduara, kando ya ile ya jicho la Mama Sakina tuliyoipanda kwa uthibitisho tu. “Zaina mutoto wangu,” alisema, “Mungu anaomba maji safi, na hii iko safi ku Mungu, mi sibishe. Mais kijidudu haijue kusali. Anapenda tu fasi ya giza yenye haikauki.” Siku ya pili nilifungua kabati la maganda ya kahawa kabla yake. Harufu ilinipokea, tamu, kama ya ndizi zilizofukiwa ziive. Sahani ya jicho la Mama Sakina na sahani ya mdomo wa birika zilikuwa zimelala pamoja, zote za kijani, zote na ukingo wa kahawia. Nilipima pete nikijua ninachokwenda kuandika. Nitasema ukweli mwingine unaonitia aibu: kabla ya huzuni kunifikia, nilifurahi. Kitendawili cha miezi kilikuwa kimeteguka mbele yangu, na kwa muda wa kupumua mara mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Gitega. Halafu nikakumbuka mkono uliokuwa ukimimina ni wa nani.

Nilimpelekea Gaspard ujumbe siku ile ile kwamba hakuna kuosha tena kwa birika lolote. Sababu sikuandika. Kwa siku kumi na moja nilimtia Mama Sakina matone, nikimlisha kwa kijiko, nikimsikiliza akiwahadithia wagonjwa wenzake wodini jinsi binti huyu alivyouosha macho mtaa mzima bila kuchoka. Papa Byamungu hakunisukuma. Aliniuliza mara moja tu, akiosha rula yake, “Utamwambia siku gani?” Nikasema akipona. “Na asipopona?” Nilimuuliza kama naruhusiwa kumwonyesha sahani. Alifikiri, kisha akaizungushia plasta pande zote, tabaka tatu, asiweze kuifungua hata mwizi. “Muonyeshe,” alisema. “Mutu ana haki ya kuona kitu yenye ilikuwa inamukula.”

Daktari alikuwa ameondoa bandeji asubuhi hiyo. Doa lilikuwa limeacha kukua, limebaki ukungu, na alipomuuliza anaona nini Mama Sakina alijibu anaona kwamba mchana umefika, basi. Daktari aliandika kitu, akaenda. Nilikaa kitandani kwake, nikamwekea sahani mkononi. Aliisogeza karibu na pua, akaigeuza kuelekea dirishani, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia, akitafuta upande wa jicho usio na ukungu. Alichukua muda mrefu. Mikono yake iliishika ile sahani kama inavyoshika kofia.

“Iko kijani,” alisema.

Niliitikia kwa kichwa.

“Na pembeni iko kama chai.” Akatabasamu kidogo, tabasamu la fundi anayetambua rangi. “Ni nini?”

“Ndicho kilichokuwa ndani ya jicho lako. Kilikuwa kwenye mdomo wa birika, Mama. Sikulipima. Nilikuosha nalo mwenyewe, wewe na wale watatu, na njiani nilikuosha tena.” Nilianza kulia, na nilichukia kulia kwangu, kwa sababu kilio ni cha aliyeumizwa.

Hakunipokea wala hakunifukuza. Aliendelea kuitazama sahani. Mwishowe akanirudishia.

“Wale watatu wanajua?”

“Bado.”

“Na kule barazani, watu wako na mabirika mangapi?”

“Kila nyumba,” nikasema.

“Basi mi sitaki pole yako hapa, Zaina. Utakuja kuisema kule.”

Tulirudi Muyinga baada ya wiki mbili. Jicho lake lilikuwa linaona mlango, watu, rangi, mtoto akikimbia. Tundu la sindano halikuliona tena, wakati ule wala baadaye, na nakshi zile ndogo ziliisha mwaka ule. Baraza lilijaa kuliko nilivyowahi kuliona, wanawake wamekaa hadi ngazini, wakinikaribisha kwa vigelegele, Mwalimu wa Macho amerudi. Yule mwenye kovu alikuwa mbele na mwanawe mapajani. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njia nzima, juu ya vijidudu na mahali penye unyevu na mabirika yanavyopaswa kuanikwa juani midomo chini. Nilisimama nikaanza na hayo, kwa sauti ya kufundisha, na nilisikia mwenyewe kwamba nimeanza kutoka upande wa nyuma, nikizunguka kile kitu kimoja. Nikanyamaza. Nilitazama mlangoni, na nadhani ningeondoka, ningeondoka kweli, nikapanda lori na kumwachia Gaspard awaeleze.

Mama Sakina alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mwisho. Akainuka, akapita katikati ya wenzake akiwashika mabega, akaja kukaa chini mbele yangu kabisa. Akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia, mpaka akanipata.

“Sema, Zaina,” aliniambia. “Niko nakuona.”